Mlango Aliouweka Kaka

Kazi yangu ni kunaswa. Kwenye karatasi za ofisi naitwa mtumiaji wa majaribio, jina refu la mtu anayeingizwa kwenye jengo jipya akiwa katika kiti chake cha magurudumu ili ionekane kama atatoka. Mwenzangu ni Mpimaji. Yeye ana tepu, penseli sikioni na fomu ya kurasa sita. Anapima upana wa milango, mwinuko wa rampu, urefu wa swichi kutoka sakafuni. Akimaliza yeye, zamu inakuwa yangu. Naingia kila chumba peke yangu, mlango unafungwa, naye anabaki nje na saa mkononi.

Sharti letu ni moja tu. Mpimaji haruhusiwi kunisaidia, wala kuugusa mlango, mpaka anisikie nikisema kwa sauti: nimeshindwa. Nikisema hivyo anafungua papo hapo, anaandika saa, na jengo limeanguka. Nisiposema, hata nikae humo mpaka niote mvi, yeye anangoja. Nikitoka mwenyewe, jengo limepita. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha "alitoka kwa taabu".

Kwa miaka sita nilikuwa nimekagua majengo sitini na matatu. Neno lile nililisema mara tano tu, na mara zote tano mtu angehitaji mabawa. Ofisini wananiita Chuma. Sitadanganya, jina hilo nililipenda, na kila nikiitwa hivyo niliinua mabega.

Ubishi huo nilifundishwa na kaka. Miaka tisa iliyopita gari lilinigonga nikitoka kwenye shule niliyokuwa nafundisha darasa la tatu, na siku niliporuhusiwa kutoka hospitali nilikuwa siwezi tena kusimama. Kaka alinichukua kwake. Ni seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Siku ya kwanza aliniambia, "Hapa kwangu neno siwezi halilali. Likija usiku tutalifukuza." Alinifundisha kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuvuka kizingiti, kujiinua nikianguka. Alipanga upya nyumba yake yote kwa ajili yangu bila kuombwa na mtu. Nampenda kaka yangu kuliko ninavyojua kusema, na kama hilo halieleweki, basi yote ninayosimulia hapa hayana maana.

Siku ya jengo la sitini na nne niliamka kabla ya jogoo. Lilikuwa ghala la zamani la ghorofa nne, limekarabatiwa kuwa maduka chini na ofisi juu, na milango yote ilikuwa imewekwa na kaka. Mwenye jengo alikuwa amemwahidi kwamba likipita ukaguzi, yeye ndiye atakuwa fundi wa kudumu wa pale: ana chumba chake cha vifaa, anaripoti asubuhi na kuondoka jioni kama watu wengine. Kaka ana miaka hamsini na minne. Maisha yake yote ameitwa pale tu mlango unapogoma, na ukishakubali anaambiwa asante, kwaheri. Na likianguka? "Basi nitajua fundi wangu hajui kazi," mwenye jengo alisema.

Nilimweleza bosi wangu kwamba seremala ni ndugu yangu wa damu, haifai nilikague. Hakuinua hata kichwa.

"Mtumiaji mwingine nitamtoa wapi?" aliniuliza. "Wewe ndiye uliyepo. Likague kwa haki, yaishe."

Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye kiti chenye miguu minne.

Tulifika saa nne asubuhi. Kaka alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi. Mwenye jengo, mtu mnene mwenye haraka ya kudumu, alikuwa anachezea funguo zake na kutuambia kila baada ya hatua tatu kwamba Jumatatu wanafungua.

"Huku chini wanaingia wale wa kliniki ya mazoezi ya viungo," alisema, akanionyesha chumba kikubwa chenye viti vilivyo bado kwenye nailoni na kibao kimeegemezwa ukutani. "Wagonjwa wao ni watu kama wewe, dada. Waliotoka hospitali juzi juzi. Ndiyo maana nimewajengea choo chao hapa hapa chini."

Jengo lilikuwa zuri, nasema kweli. Rampu ilipanda taratibu bila kunitoa pumzi. Milango ilikuwa mipana, haina kizingiti, inafunguka kwa mkono mmoja. Lifti ilikuwa na vitufe ninavyovifikia bila kunyoosha shingo. Ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, kote nilipita nikipiga mluzi, na kila nilipotoka chumbani nilikuta kaka ameshika ukuta kana kwamba ndiye anayeuzuia usianguke. Nilianza kuamini siku itaisha vizuri. Kikabaki choo cha chini.

Kilikuwa mwisho wa korido. Mbele yake kabisa palikuwa na kaunta ya vioo ya muuza simu, mpya, haijawekwa bidhaa. Mpimaji aliukunjua mchoro, akautazama mlango, akautazama mchoro tena.

"Hapa panasema mlango unafunguka kwa nje," alisema. "Huu unafunguka kwa ndani."

"Ukifunguka nje unagonga kaunta," mwenye jengo alijibu. "Nimeshampangisha mtu hapo. Fundi akaugeuza. Ndani pana nafasi tele."

Mpimaji aliingia na tepu. Alipima ukuta hadi ukuta, akapima mara ya pili, akajikuna kichwa. Alipotoka alinieleza kwa sauti ya chini. Vipimo vinatosha, lakini kwa upana wa vidole viwili tu. Mlango wa kufunguka kwa ndani haujakatazwa, mradi mtumiaji aweze kuingia, kujisaidia na kutoka bila msaada.

"Kwa hiyo?" nilimuuliza.

"Kwa hiyo ni wewe, Chuma."

Kaka aliinama kana kwamba anakagua bawaba, akaninong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Humo utajiona uko nyumbani."

Niliingia. Mlango ulikuwa na ule mkono wa chuma juu unaoufunga wenyewe, na ili uweze kupita nyuma yangu ilinibidi nijisogeze mbele kabisa, nipinde kulia, magoti yaingie chini ya sinki. Ulinipita kwa kukwaruza gurudumu, ukajifunga. Taa iliwaka yenyewe. Nje nilimsikia Mpimaji akibonyeza saa.

Sehemu ya kwanza haikunisumbua. Nilihamia kwenye choo, nikakaa, nikarudi kwenye kiti, kama sharti linavyotaka. Kisha nikageuka kuutazama mlango, na hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi.

Nikiuelekea mlango, magoti yangu yalikuwa mahali ambapo mlango ulitakiwa kupita. Niliuvuta, ulikuja kiasi cha upana wa kiganja, ukagonga vikanyagio vya kiti. Nilirudi nyuma, magurudumu yaligonga choo. Nilirudi kwenye pembe ile ya sinki niliyoingilia, na ndiyo, pale mlango ungepita, lakini pale mkono wangu haukifikii kitasa. Nilijinyoosha mpaka ubavu ukalia. Kilibaki umbali wa shubiri moja. Na hata ningekifikia, ule mkono wa chuma ungenivutia upande wake kila nilipolegeza.

Kulikuwa na kamba nyekundu ya dharura. Mpimaji alikuwa ameiwekea alama ya kuwepo, naye hakukosea, ilikuwepo. Mfanya usafi alikuwa ameifunga fundo karibu na dari ili isilowe wakati wa kudeki. Mimi ningeifikia labda kwa kuirukia.

"Dakika kumi," Mpimaji alisema.

Nilijaribu tena. Mbele, nyuma, pembeni. Nilivuta mlango kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine. Jasho lilinishuka mgongoni. Chumba kilikuwa hakina dirisha, na harufu ya rangi mbichi ilinikaa kooni. Niliacha kujaribu, nikatulia kufikiri, na taa ikazimika. Ilikuwa taa ile inayowaka ikiona mtu anatikisika. Nilipunga mikono gizani kama mwendawazimu mpaka ikaniona tena. Tangu hapo kila nilipotaka kufikiri ilinibidi nipunge.

Nje walikuwa watatu, hatua moja kutoka kwangu. Nilisikia funguo za mwenye jengo. Nilisikia Mpimaji akikohoa. Yeyote kati yao angeugusa ule mlango kwa kidole wakati nimejibana pale kwenye sinki, ningekuwa nje. Hiyo ndiyo iliyonitia kichaa. Sijawahi kujiona nimefungwa hivyo, na aliyenifungia alikuwa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

"Mbona kimya humo?" mwenye jengo aliuliza.

"Mwacheni," kaka alisema. Sauti yake ilijaa fahari mpaka nikafumba macho. "Huyo hajui kushindwa. Mtaona."

"Dakika ishirini."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mwenye jengo na kaunta yake, Mpimaji na vidole vyake viwili, bosi na yaishe yake. Nikamkumbuka na mzee mmoja ambaye sikutaka kumkumbuka. Miaka miwili nyuma nilipitisha jengo la maduka ya viatu. Choo cha pale kilinichukua robo saa kutoka, nikatoka nikicheka, likapita. Baada ya miezi mitatu ikaja barua ofisini kutoka kwa mzee aliyenasa humo saa mbili nzima, akajikojolea, mpaka mkwewe alipomtafuta. Barua ilisomwa kwa sauti. Unajua mimi, Chuma, nilisema nini? Nilisema, "Huyo hajui kutumia kiti chake." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Humo chooni sikuweza kucheka. Nilihesabu majengo hamsini na nane niliyoyapitisha na kujiuliza ni mangapi yalipita kwa sababu yanapitika, na ni mangapi yalipita kwa sababu ya mikono yangu. Sikupata jibu nililolipenda. Nikapunga mkono, taa ikawaka.

Nilijishika ukutani kupumzisha mabega, na kiganja changu kikatua juu ya ubao. Kulikuwa na ubao mpana uliopigiliwa ukutani kati ya choo na mlango, kimo cha kukalia. Nilipoingia nilidhani ni wa kuwekea mikoba. Sasa niliupapasa na kukuta pembe yake imepigwa msasa mpaka ikawa mviringo, laini kama sabuni iliyotumika. Hakuna seremala anayehangaika hivyo kwa ajili ya mikoba. Pembe kama hiyo ilikuwepo sehemu nyingine moja tu duniani, nami nilijua kwa nini ilikuwepo: mwaka wa kwanza nilijikata paja kwenye ncha yake, kaka akaja na msasa jioni hiyo hiyo.

Nilitazama upya. Bomba la kujishikilia lilikuwa kushoto tu, kwa sababu mkono wangu wenye nguvu ni wa kushoto. Lilikuwa kwenye usawa wa bega langu. Ndoano ya kutundikia ilikuwa pale ninapotundika taulo. Sinki, choo, ubao, mlango, vyote vilikuwa mahali pake. Kaka alikuwa amejenga upya choo cha nyumbani kwetu. Mwenye jengo alipomwambia ageuze mlango, alijua kitakuwa kigumu, akajua ni nani atakayekuja kukipima, basi akakishona kwa kipimo cha mtu mmoja, kama anayeshona gauni. Hakutaka kumdhuru mtu. Aliamini kabisa, masikini, kwamba panaponifaa mimi patawafaa wote, na kwamba mimi pale nyumbani pananifaa.

Sasa nilijua namna ya kutoka. Nilikuwa natoka hivyo kila asubuhi.

Kila asubuhi, kwa miaka tisa, nilihama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye choo. Nikakikunja kiti, nikakiegemeza. Kutoka kwenye choo nikajiburuta kwenye ule ubao, shavu moja la makalio baada ya jingine, mkono wa kushoto kwenye bomba. Nikiwa kwenye ubao nikauvuta mlango, nikausukumia kiti kilichokunjwa ili usijifunge, nikakikunjua kiti pale pale kwenye nafasi ya mlango kwa mkono mmoja, nikakirukia. Siku nzuri ilinichukua dakika ishirini. Siku ya baridi, au ya mabega kuuma, nusu saa na zaidi. Mara mbili nilianguka, nikajizoa kabla hajajua. Kaka alikuwa akiniita kutoka jikoni, "Vipi humo?" nami najibu, "Salama!" kwa sauti ya furaha, uso umeegemea vigae.

Kilikuwa choo chake cha zawadi. Alikitengeneza kwa siku tatu mfululizo nilipokuwa bado hospitali. Siku niliyofika alinionyesha hata kabla ya kunionyesha kitanda. Ningemwambiaje?

"Dakika thelathini," Mpimaji alisema. Safari hii sauti yake haikuwa ya kazi. "Uko sawa, Chuma?"

"Niko sawa," nikasema. Sauti ya furaha ilitoka yenyewe, imeshazoea njia.

Basi nikaanza. Nilihama kwenye choo, nikakikunja kiti, nikahamia kwenye ubao. Mikono ilifanya kazi bila kuniuliza. Nilikishika kitasa, nikauvuta mlango, nikauchomekea kiti. Mwanga wa korido ukaingia, na hewa, na nikaviona viatu vya kaka vikiruka kidogo kutoka sakafuni kama vya mtoto.

"Si niliwaambia!" alisema. "Si niliwaambia?"

Mwenye jengo alipiga makofi mawili. Mpimaji hakupiga. Alikuwa na kidole juu ya saa, kwa sababu saa haisimami mpaka magurudumu yote yavuke mlango. Nilibakiza kukikunjua kiti na kukirukia. Dakika tatu, nne. Kaka angeanza kazi Jumatatu.

Kupitia ule upenyo nilikiona chumba cha kliniki na viti vyake kwenye nailoni. Nilijaribu kutokufikiri. Lakini nilimwona tu mtu wa wiki ya pili kwenye kiti. Mimi wiki ya pili nilikuwa siwezi hata kuvaa soksi. Nilikuwa nikiogopa kiti chenyewe, nikidhani kitanikimbia. Mtu huyo ataingia humu Jumatatu, mlango utajifunga nyuma yake, atapapasa ukutani bomba na ubao vilivyopimwa kwa mwili wangu, na havitamsaidia chochote. Taa itazimika. Na mtu mwenye afya zake atasema hajui kutumia kiti.

"Toka basi, mdogo wangu," kaka alisema kwa upole. "Umeshafika."

Nilimtazama. Alikuwa anacheka kwa macho, kama alivyocheka siku niliyoweza kupanda kitandani peke yangu. Nilitamani kumpa ile kazi. Nilitamani kuliko nilivyotamani kutoka. Kisha nikakivuta kiti ndani, na mlango ukajifunga wenyewe.

"Unafanya nini?" kaka aliita. "Chuma! Unafanya nini?"

Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. Nilikaa kwenye ubao wake, kiti kimekunjwa mapajani kwangu. Nililisema neno lile. Lilitoka dogo sana.

Kisha Mpimaji akasema polepole, "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Miaka sita tumefanya kazi pamoja, najua masikio yake. Alikuwa ananipa nafasi ya kulirudisha, na nilimchukia kwa wema huo.

"Nimeshindwa!" nikapiga kelele. "Fungua, nimeshindwa!"

Aliusukuma kwa vidole vitatu. Ulifunguka bila hata kulia, kwa sababu kaka hupaka bawaba zake mafuta vizuri. Mpimaji aliitazama saa. "Dakika arobaini na moja," akasema, akaandika.

Mwenye jengo aliwaka. Alisema huo ni mchezo, alisema ameniona kwa macho yake nikiwa nimeshafungua, alisema ukoo mzima tunamchezea. Kisha alimgeukia kaka. "Fundi, wewe na mimi basi," akamwambia, akaondoka koridoni huku akipiga simu, na tulimsikia akimuuliza mtu kama anamjua seremala mwingine.

Mpimaji alinikunjulia kiti. Nilihamia humo, nikatoka mpaka kwenye korido.

"Lazima niandike sababu," alisema.

"Andika mlango unafunguka kwa ndani na mtu hawezi kutoka bila mbinu. Andika kamba imefungwa fundo." Niligeuza kiti kumtazama. "Na tukirudi ofisini nitolee mafaili ya nyuma. Yote niliyoyapitisha. Tutaanza na lile la viatu."

"Yote hamsini na nane?"

"Yote. Na twende na mtu ambaye ana wiki mbili kwenye kiti, mimi nikae nje na saa."

Alikunja fomu yake, akatikisa kichwa kukubali, akatoka kwenda kuningoja kwenye gari.

Kaka alikuwa bado amesimama pale pale. Hakuwa na hasira, na hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandaa nayo. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa hesabu kwa lugha asiyoijua.

"Ulikuwa umeshatoka," alisema. "Nilikuona. Ulikuwa umeshatoka, mdogo wangu."

"Ndiyo."

"Nilikuwekea kila kitu. Bomba, ubao, vyote. Nilipima kutoka nyumbani, sikukosea hata kidogo. Nyumbani unatoka hivi hivi kila siku."

Ningeweza kunyamaza. Jengo lilikuwa limeshaanguka, kazi imeshapotea, hakuna kisanduku kilichobaki kwenye fomu. Ningemwachia walau choo chake.

"Nyumbani pia nimeshindwa, kaka," nikasema.

Alinitazama. Niliona akizirudia zile asubuhi zote kichwani, moja baada ya nyingine, yeye yuko jikoni, mimi niko upande wa pili wa mlango.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu asubuhi ya kwanza."

Kaka yangu, ambaye hakulia hata tulipomzika mama, aliegemea mlango aliouweka mwenyewe, nao ukarudi ndani kwa uzito wake, naye akaanguka nao kidogo, akajishika kwenye sinki. Alilia humo, amenipa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Nilisogeza kiti mpaka mlangoni, nikaweka mguu wangu usiosikia kitu pale chini ili mlango usimfungie, nikamngoja.